Namba 9 Mbili: Mkimbizi Mwenye Ulemavu katika Sheria za Tanzania

Anayesafiri kwa barabara ya lami kutoka Kigoma kwenda Moshi hupita Kahama na Nzega, huvuka mbuga ya Wembere, hupanda Sekenke na kuingia mkoa wa Singida. Stendi ya Singida mjini abiria hunyoosha miguu, hula, hununua mafuta ya alizeti, kisha safari inaendelea hadi Katesh, Babati na Arusha. Kusini mwa mkoa, reli ya kati inapita Itigi na Manyoni ikielekea Dodoma na Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya watu na mizigo inayotoka magharibi ya nchi kwenda kaskazini au pwani hupita katika mkoa huu.

Singida si mkoa wa kambi za wakimbizi. Kambi ziko Kigoma, na makazi ya zamani yako Tabora na Katavi. Lakini mkoa huu uko katikati ya njia, na katikati ya njia ndipo sheria huonekana vizuri. Chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichofunguliwa mwaka 1981, TATCOT, kiko Moshi katika hospitali ya rufaa ya KCMC. Raia aliyekatwa mguu huko Kasulu akipata rufaa ya kwenda Moshi, anachohitaji ni nauli na mtu wa kumsindikiza. Mkimbizi aliyekatwa mguu katika kambi ya Nyarugusu, wilaya hiyohiyo, anahitaji kitu cha tatu: kibali cha maandishi cha kutoka kambini. Akikutwa Shelui au Manyoni, ndani ya mkoa huu, bila karatasi hiyo, ametenda kosa.

Watu hao wawili wana jeraha moja na wanapita barabara moja, ila kila mmoja anaangaliwa na sheria yake. Tanzania ina Sheria ya Wakimbizi, Namba 9 ya mwaka 1998, na ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010. Namba imefanana, na chimbuko ni Bunge lilelile. Historia ya namna sheria hizo zilivyokua kila moja kivyake ndiyo historia ya mkimbizi mwenye ulemavu katika nchi hii.

Wapolandi na wale wasiochukuliwa

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Singida ilikuwa wilaya katika Jimbo la Kati, ambalo makao yake yalikuwa Dodoma. Jirani yake Kondoa, ndani ya jimbo hilohilo, palijengwa moja ya kambi tano za wakimbizi wa Kipolandi katika Tanganyika. Nyingine zilikuwa Tengeru karibu na Arusha, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Watu hao walikuwa wameondolewa kwao kwa nguvu na utawala wa Kisovieti, wakapitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee, kwa sababu wanaume wenye nguvu walikuwa wamekwenda vitani.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni haikutaka wabaki. Mwaka 1946 ilitunga sheria ya kuwadhibiti na kuwaondoa wakimbizi wa vita. Hiyo ndiyo mizizi ya sheria zetu za wakimbizi, na tangu siku hiyo ya kwanza ilikuwa sheria ya mahali: nani akae wapi, aondoke lini, aende wapi.

Lakini kwenda wapi? Shirika la Kimataifa la Wakimbizi lililofanya kazi kati ya mwaka 1947 na 1952 lilitafuta nchi za kuwapokea watu waliotawanywa na vita. Nchi zilizokuwa zikipokea zilituma maofisa kuchagua, nao walichagua mikono ya kufanya kazi. Mwenye afya alipata Uingereza, Kanada au Australia. Asiyeona, mwenye kifua kikuu, aliyepoteza mguu au aliyevurugika akili alirudishwa kwenye foleni, na mara nyingi familia yake nzima ilibaki pamoja naye. Barani Ulaya watu wa namna hiyo walijazana kambini miaka na miaka. Baadhi ya nchi ziliona aibu: Sweden ilichukua wagonjwa wa kifua kikuu, Norway ikapokea wasioona, na mwaka 1959, Umoja wa Mataifa ulipoutangaza Mwaka wa Wakimbizi Duniani, New Zealand ilianza kupokea familia zenye mtu mwenye ulemavu. Zote hizo zilikuwa hisani za serikali moja moja. Hakuna aliyelazimika.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 kuhusu hadhi ya wakimbizi uliandikwa katikati ya hali hiyo, na bado haukuwa na ibara inayomhusu mkimbizi mwenye ulemavu. Ulemavu unatajwa ndani ya ibara ya 24 tu, kwenye orodha ya hifadhi ya jamii, pamoja na uzazi, uzee na kukosa kazi: mkimbizi anayeishi kihalali nchini atendewe katika mambo hayo kama raia. Jamhuri ya Muungano ilijiunga na mkataba huo Mei 1964. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ulipanua maana ya mkimbizi, ukamkubali pia anayekimbia uvamizi, utawala wa kigeni au machafuko makubwa. Huo nao ulinyamaza kuhusu ulemavu, ingawa vita vya ukombozi vilivyokuwa vikiendelea wakati huo vilikuwa vikikata viungo vya watu kila siku.

Mgeni na jembe

Wakimbizi wa kwanza wa Tanganyika huru walitoka Rwanda, wakafuatiwa na wa Msumbiji baada ya chama cha ukombozi cha FRELIMO kuanza vita mwaka 1964. Serikali ikatunga Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya mwaka 1965. Jina lake halikuficha kitu. Waziri alipewa uwezo wa kutenga maeneo ya wakimbizi, kuteua wakuu wa makazi, kutwaa silaha na hata kuamua hatima ya mifugo waliyokuja nayo. Haki za mkimbizi hazikupewa nafasi kubwa ndani yake.

Hata hivyo vitendo vya miaka hiyo vilikuwa vipole kuliko maandishi. Wapiganaji waliojeruhiwa walihudumiwa na vyama vyao vya ukombozi, na FRELIMO ilikuwa na hospitali yake Mtwara. Warundi walipokimbia mauaji ya mwaka 1972, Tanzania iliwapa ardhi. Makazi ya Ulyankulu, upande wa Tabora, yalifunguliwa mwaka huohuo, yakafuata Katumba na Mishamo katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Katavi. Shirika la Tanganyika Christian Refugee Service, lililoanzishwa mwaka 1964, lilisimamia ujenzi wa barabara, visima, shule na zahanati. Kila familia ilipimiwa shamba, ikapewa mbegu na zana, na baada ya misimu michache mgao wa chakula ukasimamishwa. Kwa ukarimu huo Mwalimu Julius Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983.

Msemo wa wazee, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ulikuwa ndiyo sera yenyewe. Kwa aliyeweza kulima ilikuwa heshima kubwa: alivuna, akauza tumbaku, akasomesha watoto, akasahau foleni ya mgao. Kwa asiyeweza kushika jembe, hifadhi ilikuwa ndugu zake. Mama asiyeona aliyefika Ulyankulu na wanawe wakubwa alikuwa na shamba. Aliyefika peke yake, baada ya wanawe kuuawa Burundi, alikuwa na ardhi ambayo hakuwa na wa kuilima. Sera ilihesabu kaya. Ndani ya kaya haikuingia.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliadhimisha Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka huohuo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilipata Tuzo ya Amani ya Nobel kwa mara ya pili, na fedha za tuzo likazitumia kuanzisha mfuko wa wakimbizi wenye ulemavu. Kabla ya hapo, mwaka 1973, lilikuwa limeziomba nchi tajiri kila moja ipokee angalau wakimbizi kumi wenye ulemavu kwa mwaka. Msaada uliongezeka, lakini ulibaki kuwa msaada.

Tanzania nayo ilitunga sheria mbili mwaka 1982. Ya kwanza ilihusu ajira: mwajiri mwenye wafanyakazi 50 na zaidi alitakiwa watu wenye ulemavu wawe asilimia 2 ya wafanyakazi wake. Ya pili ilihusu matunzo, ikagawa wajibu kati ya familia, serikali za mitaa, serikali kuu na mashirika. Huo ulikuwa mwanzo wa ukoo wa pili wa sheria zetu, na nao ulikuwa na tabia yake. Kama ile ya wakimbizi ilikuwa sheria ya mahali, hii ilikuwa sheria ya nyumbani: ilimtazamia mtu mwenye ukoo, kijiji na halmashauri yake. Mkimbizi aliyevuka mpaka peke yake hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Raia na mtu

Katiba yenyewe ina mstari unaopita katikati ya suala hili. Ibara ya 12 na ya 13, zilizoingizwa pamoja na haki nyingine za msingi mwaka 1984, zinazungumzia binadamu wote na watu wote: usawa mbele ya sheria ni wa kila mtu aliye ndani ya mipaka ya Jamhuri. Ibara ya 17, inayohusu uhuru wa kwenda utakako na kuishi popote nchini, imempa raia peke yake. Hapo ndipo kibali cha kutoka kambini kinaposimama bila kuigusa Katiba.

Ibara ya 11 inaitaka serikali iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kusaidiwa na jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Imesema mtu, si raia, na kwa hiyo ingeweza kumfikia mkimbizi. Lakini ibara hiyo imewekwa katika sehemu ya malengo ya taifa, na ibara ya 7 inazuia mahakama kusikiliza shauri juu ya utekelezaji wa malengo hayo. Haki inayomtaja mtu mwenye ulemavu waziwazi haidaiwi mahakamani, na ile ya kutembea, inayodaiwa mahakamani, ni ya raia.

Saa 24 za Rusumo

Tarehe 28 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa saa 24. Dunia ilikuwa haijashuhudia watu wengi hivyo wakivuka mpaka mmoja kwa kasi ile. Chakula chao kilitoka bandari ya Dar es Salaam, kikabebwa na reli ya kati, kikapita Manyoni na Itigi, kikashushwa Isaka na kupakiwa kwenye malori. Miaka miwili baadaye, Novemba 1996, vita vya Zaire vilileta Wakongo kutoka Kivu Kusini, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Desemba mwaka huo serikali na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao ifikapo tarehe 31. Karibu nusu milioni walirudi, sehemu kubwa yao kwa miguu.

Nyakati za Nyerere zilikuwa zimekwisha. Mikoa ya mpakani ililalamikia misitu iliyokatwa, visima vilivyokauka na silaha zilizoingia na umati. Katika hali hiyo Bunge lilipitisha Sheria ya Wakimbizi, Namba 9 ya 1998, iliyofuta ile ya 1965.

Kwa haki, sheria mpya ilikuwa bora kuliko iliyotangulia. Ilieleza mkimbizi ni nani kwa kufuata mikataba ya 1951 na 1969. Iliunda kamati ya taifa ya kuchunguza maombi ya hifadhi. Iliweka mipaka juu ya kumrudisha mtu kwenye hatari, na ilimpa kila mtoto wa mkimbizi haki ya elimu ya msingi. Lakini iliendeleza tabia ya sheria ya mahali. Anayeomba hifadhi hujitokeza ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, mbele ya ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani. Baada ya hapo hukaa katika eneo lililotengwa na hatoki bila kibali. Katika utekelezaji wake, mkimbizi wa Kigoma amezoea mpaka wa kilomita 4 kutoka kambini.

Ndani ya sheria hiyo hakuna sehemu iliyotengwa kwa ajili ya mkimbizi mwenye ulemavu. Siku 7 ni zilezile kwa anayetembea na kwa anayebebwa mgongoni. Kilomita 4 ni zilezile kwa kijana anayetafuta kuni na kwa mzee wa magongo ambaye hata bomba la maji hafiki. Sheria imewafanya wote sawa kwa kutomtazama yeyote.

Mwaka mmoja, kurasa mbili

Katikati ya muongo uliofuata mambo yalianza kubadilika kutoka mbali. Tarehe 13 Desemba 2006 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Vyama vya watu wenye ulemavu vilishiriki kuuandika, na matokeo yake yanaonekana. Mkataba hauulizi mtu ana kasoro gani mwilini. Unauliza ni kizuizi gani kimewekwa mbele yake na nani wa kukiondoa. Ibara ya 11 inazitaka nchi kuwalinda watu wenye ulemavu katika vita, majanga na dharura za kibinadamu. Ibara ya 18 inagusa uhuru wa kwenda na haki ya uraia. Tanzania iliuridhia tarehe 10 Novemba 2009.

Mwaka uliofuata, 2010, ulikuwa na mambo mawili yaliyostahili kukutana. Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9, ikachukua nafasi ya zile za 1982. Sheria hiyo inamweleza mtu mwenye ulemavu kwa kutazama vizuizi anavyokutana navyo, bila kumtaka awe raia. Inapiga marufuku ubaguzi, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, na inaunda baraza la ushauri la taifa pamoja na kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Oktoba mwaka huohuo, huko Geneva, kamati tendaji ya UNHCR ilipitisha azimio lake la 110, la kwanza kuwahusu wakimbizi wenye ulemavu peke yao. Liliwataka wanachama, na Tanzania ni mmoja wao, wawatambue mapema wakati wa usajili, wawape taarifa wanazozielewa, wawafikishie huduma na wasiwaache nyuma katika safari ya kurudi nyumbani au kuhamia nchi ya tatu.

Kwa hiyo mwaka 2010 kila kipande kilikuwepo: mkataba ulioridhiwa, sheria ya nchi na azimio la wakimbizi. Hakuna aliyeviunganisha. Sheria ya ulemavu iliwekwa chini ya ustawi wa jamii, na hutekelezwa na serikali za mitaa. Sheria ya wakimbizi iko Wizara ya Mambo ya Ndani, katika Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kambi si kijiji kisheria. Haina serikali ya kijiji, na kwa hiyo zile kamati za sheria ya 2010 hazina mahali pa kuota mizizi ndani ya uzio wake.

Ajabu ni kwamba kuna mtu mmoja anayezibeba sheria zote mbili mikononi. Ni mtendaji wa kijiji. Mtendaji wa kijiji wilayani Manyoni au Ikungi, kama alivyo wa Kasulu, ndiye mlango mmojawapo wa kumpokea mwomba hifadhi chini ya sheria ya 1998, na ndiye aliye karibu zaidi na kamati ya watu wenye ulemavu chini ya ile ya 2010. Mwomba hifadhi kiziwi akifika mbele yake, sheria moja inamwambia amwandike na kumpeleka anakohusika, na nyingine inamwambia ahakikishe wanaelewana. Hakuna kifungu kinachomwambia afanye yote mawili kwa pamoja.

Kuhesabiwa, kusikilizwa, kuwa raia

Sheria hushika mtu pale anapokutana na ofisa, na mkimbizi hukutana na ofisa mara tatu zenye uzito.

Ya kwanza ni usajili. Aprili 2015, baada ya Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi kutangazwa kugombea muhula wa tatu, Warundi walianza kukimbia tena. Maelfu walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawasafirisha hadi Kigoma. Nyarugusu ilipita watu 150,000, kisha kambi za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Katika msongamano kama huo ofisa huandika ulemavu anaouona kwa macho: mguu uliokatwa, jicho lililofumba. Asiyesikia, mwenye kifafa na mtoto anayechelewa kuelewa hupita kama watu wengine. Ndiyo maana daftari za wakimbizi kwa kawaida zimeonyesha idadi ndogo kuliko makadirio ya dunia, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaweka kuwa asilimia 15 mwaka 2011 na 16 mwaka 2022. Dawa yake inajulikana. Kundi la Washington, lililoundwa mwaka 2001, lilitayarisha maswali sita kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Maswali hayo huulizwa kwa dakika chache, na asiyeandikwa katika daftari hapati godoro, magongo wala mlango wa choo wa upana wa kumpitisha.

Ya pili ni mahojiano. Hadi Januari 2017 Mrundi aliyeingia alitambuliwa kama mkimbizi kwa kundi. Utaratibu huo ulisimamishwa, na kila mmoja akatakiwa kueleza kisa chake. Kisa hupimwa kwa mfululizo wake: tarehe, mahali, nani alifanya nini. Aliyevurugwa akili na alichokiona hawezi kukipanga hivyo, na kiziwi ambaye hakusomeshwa lugha ya alama hueleweka na watu wa nyumbani kwake tu. Kitabu cha mwongozo cha UNHCR cha mwaka 1979 kilikwisha kueleza la kufanya kwa wenye matatizo ya akili: ofisa asimtwishe mwombaji mzigo wote wa ushahidi, atafute ripoti ya daktari, aulize jamaa na majirani, atazame hali ya nchi anakotoka. Ni utaratibu mzuri wenye umri wa zaidi ya miaka 40, nao haujaandikwa katika sheria yetu.

Ya tatu ni uraia. Kuanzia mwaka 2010 Tanzania ilikubali kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa makazi ya mwaka 1972, na vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Ni moja ya vitendo vikubwa vya aina hiyo duniani, na kwa mtu mwenye ulemavu wa Ulyankulu kilikuwa na maana ya pekee: siku alipopokea cheti, ibara ya 17 ya Katiba ilimfungukia, na angeweza kupanda basi hadi Singida au Moshi bila kuomba. Lakini Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 ina masharti yake ya kawaida: mwombaji awe mtu mzima mwenye akili timamu na ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Sharti la lugha linamtazamia mtu anayesikia na kusema, na sharti la akili timamu linawafungia nje wengine. Walio nje ya mpango maalumu kama ule wa Warundi hupimwa kwa masharti hayo.

Singida yenyewe

Si haki kuzungumza juu ya Singida kama njia ya wengine tu. Mkoa huu umetoa mtu ambaye habari zake zinajulikana nchi nzima. Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi, mwanasheria na wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi nyingi nyumbani kwake Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Alitibiwa Nairobi, kisha Ubelgiji, ambako alifanyiwa upasuaji mwingi wa mguu na kujifunza upya kutembea. Tarehe 28 Juni 2019, akiwa bado nje, Spika wa Bunge alitangaza kiti chake kuwa wazi, kwa sababu alizozitaja za kutohudhuria bila taarifa na kutowasilisha tamko la mali. Alirudi Julai 2020 kugombea urais. Baada ya uchaguzi alipata kimbilio katika makazi ya balozi wa Ujerumani, Dar es Salaam, akaondoka tena Novemba kwenda Ubelgiji, na akarejea Januari 2023.

Chochote mtu anachokiona kuhusu siasa zake, habari hiyo inaonyesha jambo ambalo sheria husahau. Ulemavu na ukimbizi si mambo mawili yanayokutana kwa bahati mbaya. Mara nyingi mkono uleule unaomfukuza mtu ndio unaomjeruhi: risasi, panga, bomu la ardhini, njaa ya njiani. Na anayeweza kuwa mkimbizi si mtu wa nchi jirani peke yake.

Kifungu kimoja

Mwaka 2018 Umoja wa Afrika ulipitisha mjini Addis Ababa itifaki yake ya haki za watu wenye ulemavu, na mwaka 2024 ikaanza kufanya kazi baada ya kuridhiwa na nchi 15. Bara sasa lina chombo chake, na kisingizio cha kwamba sheria hazipo kimekwisha.

Kilichobaki Tanzania ni kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Bunge lingeongeza kifungu kimoja katika Sheria ya Wakimbizi, kinachosema kwamba haki za sheria ya 2010 zinamfuata mtu mwenye ulemavu hata kama ni mkimbizi au mwomba hifadhi. Chini ya kifungu hicho kanuni zingetaka maswali sita yaulizwe wakati wa usajili, mkalimani wa lugha ya alama aitwe kwenye mahojiano, siku 7 zihesabiwe kwa kuangalia hali ya mtu, kamati ya watu wenye ulemavu iundwe kila kambi, na rufaa ya hospitali yenyewe iwe kibali cha safari kwa mgonjwa na anayemsindikiza. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloigusa mamlaka ya nchi juu ya mipaka yake au kumlazimisha waziri kufungua lango asilotaka kulifungua.

Wabunge waliotunga Namba 9 ya 1998 walijibu hofu ya wakati wao. Waliotunga Namba 9 ya 2010 walijibu madai ya haki ya wakati wao. Bunge litakalorekebisha sheria ya wakimbizi lina wajibu wa kuzisoma zote mbili kwa pamoja, na wananchi wa Singida, ambao barabara hii inapita milangoni mwao, wana haki ya kuwauliza wabunge wao lini watafanya hivyo.